Darasa la Vielezi kwenye Benchi za Dikoni

Walisema siwezi kufundisha hata mbuzi kuitikia jina lake. Aliyesema ni Dikoni Zablon wa kanisa letu la Gatwekera, Kibera, na alisema mbele za watu, ibada ikiwa imekwisha, mimi nimesimama mlangoni pa lile kanisa la mabati na diploma yangu ndani ya bahasha ya plastiki. Alisema mtu aliyekwenda Uarabuni kuosha vyoo hurudi na redio na blanketi, harudi na Kiingereza. Jirani mmoja akaongeza kwamba labda ni Kiingereza cha chooni. Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Niliwatazama mmoja mmoja nisije nikasahau ni nani na nani.

Mercy na Brian, nyinyi mliochukua darasa langu la Kawangware, mmeniomba niwaandikie jinsi nilivyofundisha vielezi vya Kiingereza miaka yote ile. Nitawaandikia. Nitaandika pia mambo ambayo hamkuuliza. Mshahara siutaji, kwa sababu haukuwa wa kutajwa. Vyeo pia sina cha kusema: siku ya kwanza nilikuwa mwalimu mkuu, na siku ya mwisho nilikuwa mwalimu mkuu, maana nilikuwa peke yangu.

Vielezi sikuvipata darasani. Nilivipata hotelini, ng'ambo, kwa msimamizi wetu wa usafi, mama mmoja Mfilipino aliyeitwa Lourdes. Alikuwa mfupi, anatembea bila kutoa sauti, na hakuwa na maneno mengi. Siku yangu ya kwanza alinionyesha bafu akasema, "Clean it." Nikasafisha. Nilijivunia lile bafu. Kwetu Gatwekera ungeweza kupokelea wageni ndani yake. Akarudi, akapitisha kidole nyuma ya bomba, akakitazama, akasema, "Clean it thoroughly." Nikaanza upya. Kesho yake akaniambia nitandike kitanda "properly", nikakitandika kwa nguvu zangu zote mpaka shuka likanyooka kama ubao. Akalivua lote. Kumbe "thoroughly" ni kufika hata mahali ambapo jicho halifiki, na "properly" ni kufuata utaratibu wa nyumba hiyo, hata kama wako ni mzuri zaidi. Unaweza kufanya kazi kwa bidii ya ajabu na bado usiwe umeifanya "properly". Kuna watu wamerudishwa kwao kwa ndege bila kuelewa hilo.

Hapo ndipo nilipong'amua jambo ambalo hakuna chuo kiliniambia. Kitenzi kinakuambia kazi ni ipi. Kielezi kinakuambia kama utabaki na kazi. Mkubwa akisema "immediately", haangalii uso wako, anaangalia mkono wako kama umeacha ulichokuwa umeshika. Akisema "soon" kuhusu likizo yako, maana yake usimuulize tena. Mgeni akisema "kindly", jua ameshakasirika na anajizuia. Sisi Nairobi tunalibandika hilo mwanzo wa kila ujumbe, hata ule wa kumtoa mpangaji kwenye nyumba, halafu tunashangaa Mzungu anaposoma barua zetu na kukunja uso.

Nilirudi na shingo iliyopinda kwa kuinama, na bila redio. Mchana nilibeba mawe kwenye ujenzi, jioni nikasoma chuo kimoja mjini, nimekaa na watoto walionizidi manukato nami nikiwazidi umri. Nilipata diploma. Sikusaidiwa na mjomba, sikusaidiwa na kanisa, wala hakuna harambee iliyofanywa kwa jina langu. Iko ukutani kwangu mpaka leo, na anayetaka kuiona aje, nitamfungulia mlango.

Dikoni aliniruhusu kutumia kibanda cha nyuma ya kanisa. Msifikiri ilikuwa huruma. Aliwaambia wenzake, nami nasikia, "Mwacheni ajaribu. Mvua ikianza ataacha." Kibandani mlikuwa na benchi za zamani za kanisa, ambazo Dikoni alizitengeneza kwa mbao zake na mikono yake kabla kanisa halijanunua viti vya plastiki. Alizipenda benchi zile kuliko watu wengi ninaowajua.

Wanafunzi wangu wa kwanza walikuwa akina mama wanaofua nguo za watu, walinzi, mwashi mmoja, na vijana waliotaka kazi za hoteli. Mimi, kwa kuwa nilikuwa na diploma mpya, nilichora jedwali ubaoni: vielezi vya namna, vya wakati, vya mahali, vya kiasi. Nilieleza vizuri sana. Nikageuka, nikakuta mwashi amelala na mlinzi aitwaye Musa anakoroma. Waliokuwa macho walikuwa wananiangalia kwa heshima, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Usiku ule niliwaza Lourdes angefanya nini. Kesho yake nikawaambia kila mtu aje na kifaa cha kazi yake. Wakaja na beseni, karai, ufagio, sinia, pasi ya makaa. Musa akaja na rungu. Nikafuta jedwali. Nikamwambia mama mmoja, "Put it down," akaweka beseni chini. Nikamwambia, "Put it down gently." Akasita. Akaliinua tena, akaliweka kama mtu anayelaza mtoto. Nikamwambia, "Put it down carelessly," akacheka, akaliachia, maji yakaturukia sote. Hakuna aliyelala siku ile. Tangu hapo sikufundisha kielezi ambacho mwili hauwezi kukifanya mpaka vile vinavyoweza kufanywa na mwili viwe vimekwisha. Huo ndio mtindo wangu. Wako watu wanaoufundisha leo mjini wakidai waliuota wenyewe. Ninawajua.

Musa alinipa kazi. Aliulizwa na tajiri mmoja utendaji wake ukoje, akajibu kwa kifua mbele, "I work hardly." Alifikiri amesema anafanya kazi kwa bidii. Kumbe amesema karibu hafanyi kazi kabisa. Hakuelewa alikosea wapi, akaja kunilalamikia kwamba matajiri hawapendi watu wenye bidii. Nikamkalisha kwenye benchi mbele ya darasa na rungu lake, nikamwambia, "Guard hardly." Sikumweleza chochote, nikamshika tu mabega nikamlegeza, nikamfumba jicho moja, nikamwachia kidole kimoja kikitikisika.

"Sasa umelinda hardly," nikasema.

"Ai, mwalimu! Kwa hivyo mimi nilimwambia yule mzee hivi?"

"Ulimwambia hivyo hivyo, na kifua mbele."

Mama mmoja nyuma akasema, "Musa, si angalau ungefumba yote mawili ulale vizuri!" Darasa likavunjika mbavu. Musa hakukosea tena neno lile maishani mwake. "Hard" ni bidii, "hardly" ni karibu na bure. Ukieleza ubaoni, watasahau kabla ya kufika stegi ya matatu. Ukimfanya mtu mzima akae kama gunia mbele za watu, atakumbuka.

Kulikuwa na mengine ambayo hata wasomi wetu huyafanya. Mtu anasema "I have ever worked in Lavington", akitaka kusema amewahi. Kwetu "kuwahi" kunasimama peke yake, lakini Kiingereza hakiachi "ever" litembee bila swali au kanusho. Mwingine anasema amefika ofisi fulani "severally", maana yake mara nyingi, na hapa Nairobi sote tunaelewa, hata waziri hulisema kwenye redio. Mgeni atafikiri alikwenda akiwa vipande vipande. Niliwaambia wanafunzi: neno hilo tumieni mkiwa Kenya, mkivuka uwanja wa ndege liacheni pale kwenye mizani.

Mvua ilianza na sikuacha. Nilifundisha nikipiga kelele chini ya mabati, na ndiyo sababu leo sauti yangu ni kama ya chuma kinachokwaruzwa. Msimu uliofuata, kwaya ikahitaji kibanda. Nilijua kwaya ile haikuwahi kuhitaji kibanda. Nikatafuta nafasi Kawangware, nyuma ya saluni ya Mama Shiko, mwanamke mkavu wa maneno ambaye aliniambia, "Mwalimu, chumba ni chako, lakini wateja wangu wakiuliza hizo kelele ni za nini, nitasema ni wazimu." Akaniazima pia kioo kirefu cha saluni, kilichopasuka pembeni, ili wanafunzi waone nyuso zao wanaposema "certainly". Ubao aliniazima Fundi Otieno, seremala aliyeniita japuonj, yaani mwalimu kwa Kijaluo, naye aliniita hivyo kabla sijafundisha neno pale.

Nilibaki sina pa kuwakalisha watu. Ikabidi niende kwa Dikoni.

Nilimkuta mlangoni kwake Gatwekera, amevaa koti la ibada ingawa ilikuwa siku ya kazi. Nikamsalimu kwa Kiluhya.

"Mulembe, Dikoni."

"Mulembe, profesa. Umeacha?"

"Nimehamia Kawangware. Nimekuja kuhusu benchi."

Akafunga kifungo cha koti taratibu, akifurahia. "Nakuazima," akasema. "Sikupi. Sikia vizuri hiyo. Nikizihitaji, unazileta. Na hao watu wako wakipata kazi, mkumbuke walikalia nini."

Nikasema asante. Hiyo ndiyo asante ghali kuliko zote nilizowahi kutoa.

Hapa lazima niwaeleze jambo moja, nyinyi mliokulia nyumba za ghorofa. Kwenye ploti zetu kila mtu anaazimana na kila mtu: sufuria, ngazi, jembe, hata suti ya kuendea mahojiano. Ukiazima sufuria, huirudishi tupu. Unaweka kitu ndani, mboga kidogo, unga, hata viazi viwili. Kurudisha chombo kitupu ni kumwambia mwenyewe kwamba hutaki kumjua tena. Na mtu aliyekuazima ana haki moja zaidi: anaweza kuingia kwako wakati wowote kuangalia kitu chake. Dikoni aliitumia haki hiyo mpaka ikachakaa.

Kila palipokuwa na matanga Kibera, mkokoteni ulikuja Kawangware kuchukua benchi, darasa likiendelea. Vijana wa mkokoteni walisema, "Niaje mwalimu, tumetumwa," na wanafunzi walisimama mmoja mmoja kama watu waliofukuzwa. Tulisoma tumesimama mpaka mazishi yaishe. Sina ugomvi na marehemu. Lakini niliona viti vya plastiki vya kanisa vimepangwa juu kwa juu pale pale, vikavu, havijaguswa.

Sasa nifike kwa Sabina, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa mgumu kuliko wote, na mambo yote yaliyofuata yalianzia kwake.

Sabina alitoka Soweto West, humo humo Kibera, kila asubuhi, akavuka Ngong Road kwa miguu, akaketi ukutani karibu na Lavington, mtaa wa matajiri, pamoja na akina mama wengine wakingoja mwenye nguo chafu apite na gari. Alikuwa mfuaji bora. Mimi nimefanya kazi kwenye hoteli ambayo taulo moja lilikuwa na bei ya mbuzi, kwa hiyo najua ninachosema. Nyumba moja ya wageni ilikuwa inatafuta mwanamke wa kudumu wa kusimamia nguo na vyumba. Kazi ya kudumu. Kwa mtu anayeketi ukutani, maneno hayo mawili yanaweza kumtoa machozi. Alikwenda mara ya kwanza wakamkataa. Nafasi ikatangazwa tena, akaenda, wakamkataa tena.

Nikamwambia anisimulie walivyomuuliza na alivyojibu, neno kwa neno. Walimuuliza anafanya kazi gani. Alijibu, "I am just washing." Wakamuuliza anaishi wapi. "I am just there in Kibera." Wakamuuliza ana uzoefu gani. "I just know."

Mnaona? Hakuna kosa ambalo mtihani ungelikamata. Ni "tu" yetu. Ukimuuliza mtu wa Kibera hali, anasema niko tu. Kazi? Nauza tu mboga. Mtoto? Anasoma tu. Tunajipunguza kabla mwingine hajatupunguza, ni adabu, na ni kujikinga. Kwa Kiswahili msikilizaji anaelewa kwamba nyuma ya "tu" kuna mtu mzima. Kwa Kiingereza mama mwenye ile nyumba ya wageni alisikia mwanamke anayesema kazi yake si kitu, naye akamwamini.

Kumtoa Sabina "just" ilikuwa kama kung'oa msumari kwenye mbao mbichi. Nilimpa beseni lenye maji na nguo. Kila aliposema "just", anamwaga, anaenda kuchota mengine kwa Mama Shiko, anaanza upya. Mama Shiko akalalamikia maji yake. Sabina alilia siku moja, akaniambia, "Mwalimu, wewe ulienda ng'ambo ukarudi na roho ya jiwe." Nikamwambia roho hiyo nilikwenda nayo, akachote maji. Akachota. Taratibu maneno mengine yakaanza kuingia pale palipokuwa na shimo. "I wash carefully." "I always check the pockets." "I have never lost anything." Hilo "never" alilipenda sana. Alikuwa akilisema mbele ya kioo na kidevu juu.

Siku moja kabla ya mahojiano yake ya tatu, tuko katikati ya zoezi, mlango ukajaa. Alikuwa Dikoni mwenyewe, na mkokoteni nyuma yake.

"Kumbe ni kweli," akasema. "Niliambiwa mnafua nguo darasani, nikakataa."

"Dikoni, leo niachie," nikamwambia. "Kesho huyu mama ana mahojiano. Amezoea kukaa na kuinuka hapa, nataka arudie mpaka mwisho."

"Wafiwa wakae chini kwa sababu ya mahojiano?"

"Viti vya plastiki viko."

"Hivyo ni vya kanisa. Hizi ni zangu." Akamgeukia Sabina, ambaye mikono yake ilikuwa ndani ya povu. "Na wewe mama, unafanya nini hapa kwa huyu mtu?"

"Nafua tu," Sabina akasema.

Darasa zima likaguna. Musa, aliyekuwa bado anakuja siku zake za mapumziko, akasema, "Mama, maji!" Sabina akaangalia beseni, akaniangalia mimi. Halafu akamwangalia Dikoni moja kwa moja, mtu mkubwa wa kanisa letu.

"Hapana, baba," akasema. "Nafua. Nafua vizuri. Sijawahi kupoteza nguo ya mtu."

Dikoni akaamuru benchi zitolewe. Zoezi lililobaki tulilifanya Sabina akikaa kwenye beseni lililopinduliwa, na nikamwambia ajifanye ni kiti cha ngozi.

Alipata kazi. Alinisimulia kwamba yule mama alimuuliza anapigaje pasi, naye akajibu, "Slowly on the collar, quickly on the back." Hilo sikumfundisha. Alilitoa mikononi mwake mwenyewe. Mwalimu yeyote akikuambia hilo halimpi raha, si mwalimu.

Raha yangu iliishi mpaka Jumapili. Palikuwa na shukrani kanisani, Sabina akaitwa mbele na wengine waliopata kazi mwaka ule, karibu wote wanafunzi wangu. Dikoni akashika kipaza sauti. Akasema Mungu hutumia vitu vidogo. Akasema mbao alizozipiga randa kwa mikono yake mwenyewe zimekalisha watu, na watu wameinuka. "Benchi zile zimesomesha," akasema, na waumini wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma, kwa sababu viti vilikuwa vimejaa. Jina langu halikutajwa. Sabina alifungua kinywa kusema kitu, wimbo ukaanza.

Mtasema ni jambo dogo. Mtu aliyebeba mawe mchana akasoma jioni, aliyetoa Kiingereza kwenye bomba la bafu la watu, akae asikie kwamba kazi yake ilifanywa na ubao wa mti! Tangu siku hiyo niliweka nia. Nitawarudishia wote walichoniazima, kila kimoja, na benchi ziwe za mwisho. Lakini sikuweza kuzirudisha nikiwa bado nafundisha, maana darasa lingekaa wapi? Ikawa kila mwaka nasema mwaka huu, na kila mwaka wanakuja akina Sabina wengine, na mkokoteni nao unakuja. Wengi waliopata kazi hawakurudi hata kunisalimu. Walimu vijana, msilitarajie hilo. Mtu akishavuka, hapendi kumwona aliyemjua akiwa anachota maji.

Sauti ilipokwisha kabisa, nikastaafu. Nyinyi mkaja na simu zenu zinazotamka maneno vizuri kuliko mimi, na mkapata ufadhili wa viti na meza, na sina la kusema, ni vizuri. Nikaona siku yangu imefika.

Nilianza na Mama Shiko. Kioo nilikirudisha kikiwa na kioo kipya na fremu mpya, na nyuma yake nimefunga leso mbili na sukari. Akajitazama, akamtaja Mungu kwa Kikuyu, "Ngai, mwalimu, nimezeeka hivi na hukuniambia?" Akaishika ile leso kwa muda. Fundi Otieno alikuwa amestaafu pia, macho yamepungua. Ubao wake nilimpelekea umepakwa rangi upya, na juu yake kuku mzima amefungwa miguu. Akaupapasa ubao kwanza, kuku baadaye. "Omera, ndugu yangu," akasema, "hii mbao imekaa vizuri. Japuonj aliitunza." Kwa hao wawili deni liliisha kwa upole.

Benchi nilizikarabati zote. Nilibadilisha miguu iliyooza, nikapiga msasa, nikapaka vanishi. Nilitaka Dikoni asipate hata ufa mmoja wa kuongelea. Kisha nikafika mahali pagumu: niziweke nini juu? Sufuria inajaa unga. Benchi inajaa nini? Nilifikiria kumrudishia tupu. Nawaambia ukweli, nilitamani sana. Angeelewa, na Gatwekera nzima ingeelewa.

Halafu nikamtumia Musa ujumbe, na Musa akawatumia wengine. Nilimwambia sitaki sherehe, nataka watu wa kusindikiza benchi.

Walikuja. Hawakuja wote, waliokosa ninawajua. Lakini Sabina alikuja, akiwa na sare ya ile nyumba ya wageni na funguo kiunoni, anasimamia wafanyakazi wengine sasa. Musa alikuja, msimamizi wa walinzi, kitambi mbele. Mwashi aliyelala siku ya kwanza alikuja na mkewe. Walikuja mabinti waliokuwa na likizo kutoka ng'ambo, na mmoja ambaye ni mpishi wa shule. Tulitoka Kawangware mikokoteni mbele, sisi nyuma, tukapita mtaa wa Olympic watu wakiuliza nani amekufa, tukashuka Gatwekera.

Dikoni alikuwa ameketi mlangoni kwake. Alikuwa amezeeka, lakini koti lilikuwa lile lile.

"Mulembe, Dikoni. Nimeleta benchi zako."

"Finally," akasema kwa Kiingereza, na nikajua kwamba miaka yote aliyokuwa akisimama mlangoni mwangu alikuwa akisikiliza.

Tuliziteremsha, tukazipanga mbele ya nyumba yake safu kwa safu, kama zilivyokuwa kibandani. Akapitisha mkono kwenye vanishi. Akatafuta ufa, akakosa.

"Na hazina kitu juu?" akauliza. "Hata sukari?"

Nikawageukia watu wangu. "Sit down, please," nikasema kwa sauti niliyobakiwa nayo. "Comfortably."

Wakakaa. Wote, kwa raha zao, wakanyoosha miguu, benchi zikajaa kutoka ukuta hadi mtaroni. Sabina akakaa mbele kabisa, funguo zikilia. Watoto wa jirani wakaja kutazama. Mke wa Dikoni akachungulia, akaona wageni wote wale mlangoni kwake, akajifunika mdomo kwa kiganja.

"Hawa ni nini?" Dikoni akaniuliza.

"Ni wako. Si ulisema benchi ndizo zilizowasomesha? Nimezirudisha na kilichokuwa juu yake."

Sabina akainama mbele. "Baba," akamwambia kwa upole, "tumetembea kutoka Kawangware. Chai hatukatai."

Ndani nikasikia mama akiuliza sufuria kubwa iko wapi, na mtoto akitumwa kwa jirani kuazima. Dikoni alitazama safu moja, akatazama ya pili, kama mtu aliyeletewa mizigo asiyojua ataiweka wapi. Kisha akaketi kwenye benchi ya mwisho, akasogea kidogo, akapiga mbao kwa kiganja.

"Kaa, mwalimu," akasema.

Nilikuwa nimelisubiri neno hilo la mwisho, "mwalimu", kuliko Kiingereza chake chote. Lakini sikukaa. Kwenye benchi zile sijawahi kukaa hata mara moja. Mimi ndiye niliyekuwa nafundisha.